Safu ya Nne

Siku timu ya Mbweha wa Kessock ilipomchagua yule mtoto wa Calgary, Orest Hladun aliizima redio kwa ngumi. Ilikuwa mwezi wa tano. Alikuwa na kiangazi kizima mbele yake cha kukasirika, na hakupoteza hata siku moja.

Kila mwaka vilabu vya vijana vya hoki ya barafuni, ule mchezo wa kukimbiza kisahani cha mpira kwa fimbo, vya huku nyandani mwa Kanada hukaa na kuchagua kwa zamu watoto wa miaka kumi na tano, na klabu iliyoshika mkia ndiyo huchagua kwanza. Mbweha walikuwa wameushika mkia wakaukumbatia. Walihitaji beki. Kila mtu mjini aliyewahi kuvaa viatu vya barafu alijua kwamba wanahitaji beki, mtu wa kusimama mbele ya goli na kuwafanya wageni waijutie safari. Na beki alikuwepo, mtoto wa mkulima wa jirani kabisa, mrefu kama mlango wa ghala, aliyekua akiota jezi ya Mbweha. Darcy Penhale, meneja wa klabu, akampita kama hakumwona. Akamchukua Carsten Vale, winga mwembamba mwenye mbio, ambaye baba yake ana kampuni ya mabomba ya mafuta.

"Huyu mtoto ana mikono ya dhahabu," Penhale aliwaambia watu wa redio.

"Baba yake ndiye mwenye dhahabu," Orest aliijibu redio, na hapo ndipo ngumi ilipotua.

Orest aliishia darasa la nane, akalitumikia ghala la ngano la kando ya reli mpaka walipolifunga. Waliolifunga walikuwa watu wa suti na tai kutoka mbali. Waliofunga chumba cha dharura cha hospitali ya mji nao walikuwa watu wa tai. Kwa hiyo mkewe Verna alipobanwa kifua, ikabidi apelekwe mji mwingine, na huko wakamuuliza anajisikiaje. Verna, ambaye hakupenda kusumbua watu, akasema hajambo, ni kiungulia tu. Wakamwamini. Wakamrudisha nyumbani na vidonge, akafia jikoni. Tangu hapo Orest hakuweza kumtazama mtu mwenye cheo bila kuhisi mate yakimjaa mdomoni.

Kilichokuwa kikimwamsha asubuhi ni Reid Froese.

Wachezaji wa klabu za vijana hutoka mbali nao bado ni watoto wa watu, kwa hiyo klabu huwapangia nyumba za kukaa kwa wenyeji. Verna ndiye aliyelipenda jambo hilo; alilea wavulana wa Mbweha mmoja baada ya mwingine kama mwingine anavyofuga kuku. Reid, kijana wa jimbo jirani la Manitoba, alikuwa wa mwisho wake. Verna alipozikwa, Gwen Tatlow, mama anayewapangia vijana nyumba, alikuja na gari kumhamisha, akiona haifai kijana kubaki na mjane wa kiume anayeunguza hata maji. Reid alisimama mlangoni akasema hahami. Orest hakumshukuru, ila tangu siku ile alianza kupika.

Kanuni ya walezi ni nyepesi. Unamlisha, unamfulia, unamwamsha kwa mazoezi. Akiumwa unampigia simu Gwen. Mambo ya barafuni hayakuhusu, huyaulizi, huyasemi.

Mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, siku chache kabla ya kambi ya mazoezi, Orest alikuwa kwenye meza ya kahawa ya kituo cha mafuta. Lorne Skoretz, fundi bomba mstaafu anayecheza gofu na Penhale, akavuta kiti.

"Umeshaacha kununa, bwana, au tukuletee maziwa ya chupa?"

"Nitaacha siku Penhale atakapoacha kuchagua wachezaji kwa kutazama magari ya baba zao."

"Mtoto ana mbio. Hoki ya siku hizi ni mbio, Orest. Sio ile yenu ya kugongana vichwa kama mafahali."

"Mbio za kumkimbia nani? Upepo wa Januari ukivuma hapo nje, huyo tutakwenda kumwokota Manitoba."

Meza ya pili ikacheka. Lorne akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Ndiyo maana atawekewa mlinzi," akasema.

"Mlinzi yupi?"

"Reid wako. Penhale anamshusha safu ya nne."

Orest aliweka kikombe chini. Washambuliaji huingia barafuni kwa zamu, katika safu nne; ya kwanza ndiyo hupewa muda, ndiyo hufunga mabao, ndiyo watu hulipia kuitazama. Safu ya nne hupewa dakika za makombo. Kazi yake ni kugonga na kugongwa, na mtu akimgusa nyota wa timu, wa safu ya nne ndiye huvua glavu akapigana kwa niaba yake. Na huu ulikuwa mwaka wa Reid. Juni ijayo vilabu vikubwa, vile vya wanaume, vingechagua vijana wa umri wake. Anayechaguliwa amepata maisha, anayeachwa anarudi kwao kuendesha trekta. Hakuna anayepanda ndege kuja Kessock kumtazama mtu wa safu ya nne.

"Reid ndiye aliyeongoza kwa mabao!" Orest akafoka.

"Aliongoza kwenye klabu ya mkiani. Hata mimi naongoza kwa uzuri hapa mezani."

"Mwambie rafiki yako tutaonana Jumanne."

Jumanne ulikuwa mkutano wa mwaka. Mbweha si mali ya tajiri. Ni mali ya mji, na mwenye hisa hata moja ana haki ya kusimama na kumuuliza meneja lolote. Verna alinunua hisa moja zamani, wakati klabu ilipotaka kuhama.

Jioni ile Orest alichemsha pirogi za kwenye friza, maandazi madogo yenye viazi ndani, na kuunguza vitunguu. Reid alivuta sahani. Alikuwa kijana mpana wa mabega, mwenye kovu kidevuni na tabia ya kula kwa haraka kama anayefukuzwa.

"Lorne amekwambia," Reid akasema.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Kocha aliniambia wiki iliyopita. Mzee, usiseme kitu Jumanne."

"Nina hisa."

"Wewe ni mlezi wangu. Ukisimama pale nitaonekana nimekutuma. Niache nipambane mwenyewe kambini. Nikiwa mzuri hawatakuwa na la kusema."

"Hao? Hao watakuwa na la kusema hata ukitembea juu ya maji."

"Yakiganda, kila mtu hapa hutembea juu ya maji," Reid akasema, na karibu atabasamu. "Nakuomba, mzee."

"Nimesikia."

Hiyo haikuwa ahadi, na wote wawili walilijua hilo.

Jumanne ukumbi wa klabu ulijaa. Kulikuwa na kahawa kwenye mapipa, donati kwenye masanduku, na wachezaji wakongwe wachache wamesimama ukutani kwa mashati safi, kuwasalimu wanachama. Reid alikuwa mmoja wao. Penhale alikuwa mbele na kipaza sauti, mwenye uso wa mtu aliyelala vizuri. Alieleza kuwa klabu inajengwa upya. Alisema kila kijana ana jukumu lake. Alisema watu wawe na subira. Orest alimsikiliza mpaka neno "subira", akasimama.

"Swali langu fupi. Nani alikudanganya kwamba unajua hoki?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Penhale naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Karibu, mzee Hladun. Nilikuwa nashangaa mbona jioni imetulia."

"Ulikuwa na chaguo la kwanza mbele ya nchi nzima. Una goli lililo wazi kama zizi. Beki yuko hapa hapa, ungemfuata kwa baiskeli. Ukachukua winga!"

"Yule beki ni mzito kugeuka. Vale akipata kisahani, hakuna wa kumshika. Baada ya miaka mitatu utanipa mkono."

"Baada ya miaka mitatu utakuwa umehamia klabu nyingine kuwaharibia na wao!"

Hapo watu walipiga makofi. Orest alihisi joto zuri kifuani, joto ambalo hakulipata siku nyingi.

"Kaa chini, Orest, donati zinaisha!" Lorne akapaza sauti kutoka nyuma.

"Kula na yangu, umezoea kula vya wenzio! Sasa, bwana meneja. Reid Froese. Nasikia umemfanya askari wa kumlinda mtoto wa tajiri."

"Sijadili mchezaji mmoja mmoja. Hasa na mlezi wake."

"Basi jadili na mwenye hisa."

Watu wakaguna kuunga mkono. Penhale alimtazama Reid kule ukutani, akamtazama Orest, akapumua. Labda alichoka. Labda alidhani anamjibu kwa heshima.

"Reid ni kijana mzuri. Lakini kila mmoja hapa aliona mwisho wa msimu. Tangu Februari alilegea. Kisahani kikienda kona, anachelewa, anakwepa ukuta wa uwanja. Mchezaji anayeogopa kona siwezi kumpa safu ya kwanza. Nampa safu ya nne, akajifunze upya ugumu."

"Anaogopa?" Orest alisema, kwanza polepole. Kisha sauti ikatoka yote. "Anaogopa! Huyu mtoto alibamizwa kichwa ukutani kule ugenini Februari, akarudi kwangu hawezi kutazama taa! Alitapika kwenye beseni mpaka kukakucha. Nilitundika mablanketi madirishani, akawa anakunywa supu gizani kama popo. Na Jumamosi yake akavaa jezi, akawafungia mabao mawili huku anaona visahani viwili! Huyo ndiye mnamwita mwoga? Nyie mkipata mafua mnaandika wosia!"

Akanyamaza, akingojea makofi. Kessock ni mji ambao mtu aliyecheza na mguu uliovunjika hununuliwa bia mpaka uzeeni, na Orest alikuwa amesema jambo kubwa kuliko mguu. Mwanamume mmoja nyuma alipiga makofi mara moja. Mkewe akamshika mkono.

Gwen Tatlow alikuwa amesimama kando ya mapipa ya kahawa, kikombe mkononi.

"Orest," akasema. "Ulijua?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba ameitoa siri ya Reid. Alimtafuta Reid kwa macho, lakini pale ukutani palikuwa na nafasi tupu na mlango unaojifunga wenyewe.

Alimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari.

"Alikuita mwoga mbele za watu," Orest akaanza. "Ulitaka nifanyeje?"

"Aniite! Mwoga anacheza, mzee. Wa safu ya nne anacheza. Mgonjwa hachezi!" Sauti ya Reid ilipasuka kama ya mtoto. "Mama yangu hajui. Wenzangu hawajui. Ulijua wewe peke yako, na umeenda kulisema mbele ya ukumbi mzima!"

"Penhale ndiye aliyechokoza. Asingetamka lile neno..."

"Penhale hakusema. Umesema wewe. Kila siku ni Penhale, ni serikali, ni wale wa ghala. Leo ni wewe."

Orest alitoa funguo za gari, akazirudisha mfukoni.

"Kesho nitapelekwa kwa daktari," Reid akasema, sasa kwa upole uliomtisha Orest kuliko kelele. "Na wewe utaitwa. Nitasema lilikuwa tumbo. Wewe utasema uliongeza chumvi kwa hasira. Watakuamini, mji mzima unajua unavyoropoka. Daktari ananiachia, naingia kambini, na naendelea kukaa kwako. Hilo tu. Unaweza?"

"Naweza," Orest akasema.

Walirudi nyumbani kwenye gari moja.

Kesho yake, kwenye korido ndefu ya chini ya uwanja, inayonuka mpira na jasho la zamani, Penhale alikuwa amesimama nje ya chumba cha daktari.

"Sina ubaya naye, mzee. Daktari akimruhusu, anacheza. Nataka acheze."

"Ungekuwa na macho ungeona tangu Februari," Orest akamwambia. "Mtoto anapepesuka mbele yako, unadhani anaogopa. Unalipwa kutazama, na hukuona kitu!"

"Kweli," Penhale akasema. "Sikuona. Wewe uliona, ukamtundikia mablanketi."

Orest alimpita akaingia.

Daktari wa klabu alikuwa mama wa makamo aitwaye Sandhu, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Reid alikuwa ameketi kitandani, akichezesha mguu mmoja.

"Bwana Hladun, mimi sikuwepo jana. Nasikia yaliyosemwa, na Reid anasema si kweli. Siwezi kuiona Februari kwa kumulika macho yake kwa tochi leo. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekuwa naye nyumbani. Ilikuwaje?"

"Sijambo, daktari," Reid akadakia. "Nimeshakwambia, lilikuwa tumbo tu. Mzee anapenda kukuza mambo. Sijambo kabisa."

Alisema vizuri. Hata alitabasamu. Aliyatamka kama mtu asiyetaka kumpotezea mwenzake muda, na Orest alijua kwamba yule mama angeamini. Wenye vyeti huamini ukiwaambia hujambo, ndiyo njia ya mkato ya kazi yao. Alifungua mdomo kusema aliyoahidi. Maneno alikuwa nayo tayari, aliyafanyia mazoezi tangu asubuhi akinyoa ndevu. Nilikuwa na hasira, daktari. Niliongeza chumvi.

"Ni kichwa," akasema.

Mguu wa Reid ukaacha kucheza.

"Ni kichwa, na hakijapona. Mpaka leo akisoma simu anafumba jicho moja. Juzi alisahau kama amekula, akakaa mezani mara ya pili. Usiku anatembea koridoni ameshika ukuta, anadhani nimelala. Usimsikilize huyu. Umesikia, mama? Ukimsikiliza huyu nitakuja kuvunja kila dirisha la jengo hili."

"Mbwa wewe," Reid akasema taratibu. Alikuwa mweupe midomoni. "Uliniambia unaweza."

Daktari alivuta kiti karibu na kitanda, akamwomba Orest atoke.

Hakuna kambi, hakuna barafu, mpaka apimwe hospitali kubwa ya Saskatoon, na labda hata baada ya hapo. Hivyo ndivyo Penhale alivyowatangazia watu wa redio, na safu ya kwanza akampa Vale, na safu ya nne akampa kijana mwingine ambaye hakuna aliyelijua jina lake. Nyumba ya Orest nayo ilifutwa katika nyumba za walezi. Gwen alikuja mwenyewe kumwambia. Hakukaa.

"Kanuni ilikuwa moja tu, Orest. Kupiga simu."

"Nyie na kanuni zenu. Mnakuja nazo mtu akishaumia."

"Ndiyo," Gwen akasema. "Wewe ungeweza kutangulia, tangu Februari."

Reid angebaki Kessock akingoja vipimo, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa na mama yake alitaka awe karibu na hospitali kubwa. Aliulizwa anataka kukaa kwa nani. Alimtaja Lorne Skoretz, na Orest alijua kwamba angeweza kumtaja yeyote mjini.

Lorne alikuja na gari lake la mizigo asubuhi. Reid alibeba mfuko wake wa vifaa, akabeba fimbo zake chini ya kwapa, akapita mbele ya Orest kama anavyopita mtu mbele ya nguzo. Alipanda kiti cha mbele akafunga mlango. Orest alibaki barazani na soksi.

"Sikuomba haya, bwana," Lorne akasema, mkono kwenye mlango wa dereva. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Hujawahi kuomba kitu, wewe hupewa tu. Nisikilize. Asikate nyasi, mashine yako inapiga kelele kama vita."

"Sawa."

"Na huyo mkeo asifungulie televisheni tangu asubuhi. Na kahawa hapana. Hiyo yako si kahawa hata hivyo, ni maji ya kuoshea mabomba. Akikwambia hajambo, usimwamini. Umesikia, mpumbavu wewe? Hata akicheka. Hata akikuapia."

"Nimesikia, Orest. Ingia ndani, utashikwa na baridi."

"Na mwambie Penhale bado hana beki!"

Gari lilirudi nyuma taratibu mpaka barabarani. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri, mazito na ya kijivu, wala hapakuwa na kivuli mahali popote mtaani. Kule ndani ya gari Reid alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja kimeyafunika macho, kama mtu anayekinga jua kali. Orest aliteremka ngazi na soksi zake, akalifuata gari hatua chache kwenye changarawe, akitukana. Alimtukana Lorne, akamtukana Penhale na baba yake Vale na kila mtu mwenye tai kuanzia Kessock hadi Ottawa, mpaka jirani wa mbele akafungua dirisha kuona ni nani anayepigwa.